Mbegu Zilizolala Kwenye Friji ya Stechford

Mimi ni mtu wa Kitale. Kwetu samaki tulimjua akiwa amekwisha kukaangwa na kufungwa kwenye gazeti, na kama mtu angeniambia kwamba siku moja nitapiga magoti kumwombea samaki apate watoto, ningemshauri apunguze kunywa. Lakini Birmingham ilinifunza mengi ambayo sikuyaendea. Nilikwenda kule miaka ya elfu mbili na kitu kufanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao. Nikapanga chumba Balsall Heath, juu ya mkahawa wa Wapakistani, nguo zangu zikanuka bizari hata kanisani, na kila asubuhi nikawa napanda basi kwenda Stechford kumwogesha, kumvisha na kumlisha Mzungu mmoja mkaidi aliyestaafu kiwanda cha magari.

Mzee huyo alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Mikono, kidevu, kichwa, vyote vilitikisika mchana kutwa, na kijiko alichojitilia mwenyewe kilifika mdomoni kitupu. Hakupenda kusaidiwa, nami sipendi kununiwa, kwa hiyo wiki za mwanzo tuliishi kama paka wawili katika jiko moja. Aliniita bab, neno ambalo watu wa Birmingham humwita mtu yeyote kwa upole, lakini yeye alilitamka kama anafukuza kuku.

Kilichotupatanisha ni bwawa. Nyuma ya nyumba, mahali ambapo majirani waliweka kamba za nguo na baiskeli mbovu, yeye alikuwa amechimba bwawa kwa mikono yake, enzi mikono ilipokuwa yake. Humo alifuga koi, wale samaki wakubwa wa rangi wanaofugwa ili watazamwe tu. Aliwazalisha mwenyewe miaka na miaka, akichagua baba huyu na mama yule, akitupa macho kwenye kila kizazi kutafuta rangi aliyoiota. Mwisho akampata dume mmoja mweupe kama karatasi, mwenye joho jekundu kuanzia kichwani hadi karibu na mkia. Madume wengine wa ukoo ule walikwisha kwa maradhi majira fulani ya baridi, akabaki huyo peke yake. Siku ya kwanza aliponionyesha, niliuliza kama ana mifupa mingi. Mzee alinitazama, nikajua nimetukana.

Kisha mambo yakamfika kwa pamoja. Nyumba iliuzwa. Binti yake, aliyeishi mbali upande wa pwani, alikuwa amempatia nafasi katika makao ya wazee karibu na kwake, na mnunuzi alitaka bwawa lifukiwe apate pa kuegesha gari. Wakati huohuo dume akaugua. Tumbo lilimvimba, akawa anaogelea ubavu. Nilitegemea mzee angepiga kelele kuhusu kuhamishwa, lakini hakupiga. Kitu kimoja tu alikitaka, nacho alikisema waziwazi asubuhi moja nikimfunga vifungo vya shati: alitaka kuuona uzao wa dume yule, kwa macho yake mwenyewe, kabla hajaondoka. Rafiki yake mmoja mwenye mabwawa nje ya jiji alikuwa tayari kuwachukua na kuwalea.

"Nikishaona wako hai," aliniambia, "watanipeleka popote wanapotaka."

Tatizo lilikuwa jike. Alikuwepo, tena mkubwa, wa manjano iliyopauka, amewekwa kwenye tangi ndani ya gereji ambamo hita ilipandisha joto la maji kidogo kidogo. Lakini mayai yake hayakuwa tayari. Mwaka ule baridi ilikataa kuondoka, na mzee alisema jike akiharakishwa atatoa mayai mabovu. Dume naye hakuwa na siku nyingi. Nilimwambia pole, ndivyo maisha yalivyo. Akanikatiza.

"Tutachukua mbegu zake sasa," alisema. "Tutaziweka kwenye friji zimsubiri jike."

Nilidhani ugonjwa umepanda kichwani. "Friji hii hii ya siagi?"

"Hii hii."

Kusema ukweli, niliona haya. Nimelelewa kanisani, na kwa Kiswahili kitu kile kina jina ambalo hulitamki mbele ya watu wazima ukabaki na uso. Jumapili, kwenye kikundi chetu cha maombi, nilisema tu kwamba mgonjwa wangu ana shida ya samaki, tumwombee. Wakamwombea. Mmoja wao, mama wa Uvira, alinivuta kando baada ya chai kutaka kujua zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na zamu ya jioni kwa mzee yuleyule. Alikuja Uingereza kama mkimbizi, akakaa Winson Green na watoto waliomjibu kwa Kiingereza kila alipowasemesha. Hakuna mwanamke niliyepata kumwona mwenye nyumba safi kama yake. Nilimweleza yote, haya zikinijaa usoni. Yeye hakuona haya hata chembe.

"Kwani Mungu alipoifanya aliona haya?" alisema. "Mbegu ni mbegu, dada. Tutaichunga."

Mikono ya mzee haikuweza kazi ile, kwa hiyo ilifanywa na yangu. Yeye alikaa gerejini kwenye kiti, amejifunga blanketi, akitoa amri. Alinielekeza nitie matone ya mafuta ya karafuu kwenye ndoo ya maji. Karafuu! Mimi niliijua kwa pilau na kwa jino bovu. Kumbe samaki humlevya, akalegea na kulala bila maumivu. Nilimtoa dume kwenye ndoo, nikamlaza juu ya taulo lililolowa, na kumfunika macho.

"Futa tumbo," mzee akasema.

"Nimefuta."

"Futa tena. Likigusa tone moja la maji, tumezipoteza."

Nilifuta mpaka ngozi ikakauka, nikabonyeza taratibu kuelekea mkiani kama alivyonionyesha juu ya mkono wangu mwenyewe. Matone ya kwanza alisema niyamwage, yana mkojo. Kisha yakatoka maziwa, ndizo mbegu zenyewe. Yalikuwa meupe na mazito kama tui la kwanza, nikayavuta kwa bomba la sindano lililokauka kabisa. Nilisahau haya zangu zote. Yule samaki, mgonjwa vile, alikuwa bado anatoa.

Kuyahifadhi ndiko kulikonifundisha adabu. Mzee alikuwa na maji ya chumvi yaliyopimwa na rafiki yake, yanayofanana na majimaji ya mwilini mwa dume, ili mbegu zisijue kwamba zimetoka nyumbani. Tulichanganya kidogo, tukagawa kwenye visahani vya kioo, kila kimoja kikipata utando mwembamba tu, na vifuniko vikaegeshwa bila kubana. Visahani viliwekwa rafu ya kati. Rafu ya juu ilikuwa karibu na barafu, na barafu ingezipasua. Mlangoni joto liliingia kila tulipotoa maziwa ya chai. Kila asubuhi nilitakiwa nivizungushe kidogo, taratibu, hewa ifike kote, kisha nichukue tone nitazame kwenye hadubini.

Hadubini yenyewe ilikuwa kuukuu, ya chuma kizito, ameinunua shule fulani ilipokuwa ikiuza vitu vyake vya zamani. Mzee hakuweza tena kuitumia. Alijaribu mara moja mbele yangu, kichwa kikatikisika, jicho likagonga chuma. Akarudi nyuma, akalifuta jicho.

"Wewe tazama," alisema mwisho. "Kisha niambie."

Nilitazama. Niliona nukta nyingi zisizohesabika, kama unga uliomwagika mezani, zote zimetulia tuli. Moyo ulinishuka. Nilimwambia zimekufa. Akatabasamu, na huyo ni mtu ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu.

"Tia tone la maji ya bwawa," alisema, "na usipepese jicho."

Nikatia. Sijui niielezeje. Ule uwanja wote uliokuwa kimya uliamka mara moja. Kila nukta ilipata mkia, kila mkia ukapiga, zikakimbia huku na huku, zikipishana, zikizunguka, maelfu kwa maelfu, kwenye tone ambalo lisingetosha kulowesha ukucha. Nilipiga ukelele kwa lugha ya mama yangu. Mzee akawa ananiuliza, "Zinakwenda? Zinakwenda?" nami nikazidi kuligandamiza jicho kwenye kioo. Halafu zikaanza kupunguza mwendo. Zikayumba, zikazunguka mahali pamoja. Kabla hata dakika haijaisha zikasimama, na safari hii kwa kweli.

"Zimekuwaje?" niliuliza.

"Zimemaliza. Kila moja ina mbio moja tu maishani mwake. Maji yakiigusa inaondoka, na nguvu yake haifikishi dakika. Ikikuta yai, imekuta. Isipokuta, basi."

Nilikaa chini. Siku hiyo nilichelewa kumpikia uji wake, na hakulalamika. Nilikuwa nawaza vile visahani nyuma ya mlango mweupe wa friji, kati ya jibini na karoti, na ule umati uliolala humo ukingoja. Kila moja ilikuwa imebeba joho jekundu ndani yake, mahali fulani ambapo hakuna jicho linaloweza kufika, na ilikuwa imeshika pumzi yake ya pekee, isiitumie bure. Baridi ndiyo iliyoishikia. Mimi niliyeilaani baridi ya Birmingham kila siku tangu niteremke kwenye ndege, niliyevaa soksi juu ya soksi na kulala na kofia, nikajikuta naifungua friji kwa heshima, nikiifunga polepole kama mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Kwenye basi la kurudi niliwatazama abiria, yule mwenye simu, yule mama wa hijabu na mikoba yake, yule kijana aliyekunja uso, nikafikiri: na huyu naye alitoka kwenye mbio kama ile. Na mimi pia. Nilisikia baridi ya ajabu mgongoni iliyokuwa haina uhusiano na hali ya hewa.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Namwogesha, namvisha, nampa chai, kisha twende kwa wale wa friji, kama alivyopenda kusema. Mimi natazama, namwambia. Alitaka kila kitu. Je, ni nusu zinazokimbia au zaidi? Zinakwenda mbele au zinazunguka? Nilipomwambia zaidi ya nusu, mbele kabisa, alifumba macho kama mtu anayesikiliza kwaya. Hatukununiana tena.

Dume alikufa siku ya mvua. Nilimkuta ameelea ubavu, joho lake jekundu limeanza kupauka. Mzee aliomba nimvingirishe kwenye taulo safi, nikamzika chini ya waridi huku yeye akitazama dirishani. Hakulia. Alisema tu, "Sasa kilichobaki kiko rafu ya kati." Nilimpigia simu mama wa Uvira kumpa habari kabla hajaingia zamu, asije akamkuta mzee na majonzi asijue sababu. Alisikitika kweli. Akasema atakuwa mwangalifu zaidi na kile kilichobaki.

Asubuhi iliyofuata alinipigia nikiwa kwenye basi, sauti yake ina furaha.

"Dada, ile mbegu nimeichunga muzuri sana. Ile visahani ilikuwa wazi wazi, na harufu ya kitunguu iko pale. Nikaitia yote mu chupa moja. Chupa niliikausha kwanza, hata tone ya maji haimo, nilikumbuka vile ulisema. Nikaijaza mpaka juu, nikafunga nguvu. Hata hewa haiwezi kuingia."

Nilimwambia tutaongea, nikakata simu, na nilipoteremka nilikimbia, mimi ambaye sikimbii hata mvua.

Ilikuwa kama alivyosema. Visahani vimeoshwa vikang'aa, vimepangwa kando ya sinki. Rafu ya kati kulikuwa na kichupa kimoja cha dawa, kimejaa hadi shingoni, kifuniko kimekazwa. Ilinibidi nitumie kitambaa kukifungua. Nikachukua tone, nikaliweka chini ya hadubini, nikatia maji ya bwawa. Hakuna. Nikachukua jingine. Zilikuwa zimelala vilevile kama unga, maji yamezifunika, na hakuna hata mkia mmoja uliojitikisa.

Mzee alikuwa nyuma yangu kwenye kiti chake. "Niambie," alisema.

Nilitamani nimdanganye. Sikuweza. Nilimwambia hakuna inayokwenda.

Uso wake, ambao siku zote ulitikisika, ulionekana kutulia, na hilo ndilo lililonitisha. Akauliza kichupa kilijaa hadi wapi. Nikamwonyesha. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Zinalala," alisema, "lakini zinapumua. Ndiyo maana tuliziweka nyembamba. Humo ndani zimekosa hewa." Kisha, kabla sijaanza kulia, akaongeza: "Aliyezimia si lazima awe amekufa. Zitandaze tena. Kausha vile visahani."

Nilivikausha kwa mashine ya kukaushia nywele. Nikagawa upya, utando mwembamba, vifuniko vimeegeshwa, rafu ya kati. Hakukuwa na cha kufanya zaidi ya hapo. Nilirudi kwenye hadubini kabla ya chakula cha mchana na sikuona kitu.

Mama wa Uvira alifika mchana huo, zamu yake haijaanza, koti limefungwa kombo, kwa kuwa kwenye simu ya pili nilikuwa nimemfokea. Damu ilikuwa imenipanda.

"Mama, hizi ni living things! Ungeniuliza tu. Si ungenipigia kwanza?"

Alisimama katikati ya jiko, mkoba kifuani. "Kwetu mafuta ya mawese tunajazaka hivyo," alisema polepole. "Mpaka juu, hewa isibaki. Hewa njo inaharibisha. Mama yangu alinifundisha, na hata siku moja mafuta yangu haikuozaka. Vraiment, kweli kabisa, dada, miye nilitaka isiharibike." Akamgeukia mzee, akainama kidogo kama anavyomwinamia mchungaji. "Pardon, papa. Sikuyua kama inapumuaka."

Nilimtafsiria mzee, maana Kiingereza kilikuwa kimemkimbia mama kwa huzuni. Nilitafsiri yote, na mawese, na mama yake. Nilipokuwa nikisema, hasira yangu ilipoa yenyewe. Kosa lile lilihitaji mtu anayejua kuhifadhi. Mtu mzembe angeviacha visahani wazi, na mbegu zingekuwa salama.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Mwambie mafuta hayana haja ya kupumua," alisema. "Kama lingekuwa pipa la mafuta, ningempa kazi ya kulilinda." Kisha akamwomba amtengenezee chai, maana yangu, alisema, ilikuwa mbaya tangu mwanzo.

Kesho yake nilisali kwenye basi waziwazi, midomo ikichezacheza, na mama mmoja Mzungu akahama kiti. Kufika, nilimkuta mama wa Uvira amefika kabla yangu. Mzee alikuwa ameshakaa karibu na meza, shati limefungwa vibaya, amejifunga mwenyewe. Nilichukua tone. Nikatia maji.

Mwanzoni sikuona kitu. Nilisogeza kioo kidogo. Pembeni kabisa, karibu na ukingo wa tone, moja ilikuwa inatikisika. Haikukimbia. Ilijikokota tu, kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Kisha nyingine ikapita mbele yake, hiyo ikiwa na mwendo. Na nyingine. Zilikuwa chache, sehemu ndogo sana ya umati wa kwanza, lakini zilikuwa zinakwenda.

"Zipo," nilisema. "Mzee, zipo. Chache. Lakini zinakwenda mbele."

Mama wa Uvira alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi stesheni ya treni. Mzee alifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Hatukuwa na muda wa kushangilia. Jike gerejini alikuwa ameanza kujisugua kwenye ukuta wa tangi, na tumbo lake lililegea. Mzee alisema ni leo. Tulimlaza kwa karafuu, na mama wa Uvira akamshika, mikono yake ikiwa na nguvu kuliko yangu. Nilipochukua bakuli la kupokelea mayai, niliona mkono wake mmoja ukilinyemelea ili alipeleke bombani alisuuze kwanza, kama anavyosuuza kila chombo duniani kabla ya kukitumia. Nilimtazama tu. Akaurudisha mkono, akacheka huku machozi yakimtoka.

Mayai yalitoka kama mtama uliochemshwa, ya kijani hafifu, mengi. Tukayamiminia mbegu zote tulizokuwa nazo, hatukubakiza hata kisahani. Ilibidi yachanganywe kwa unyoya wa bata, taratibu, kwa mtetemo mdogo usioyapasua. Mzee akanyoosha mkono kuuomba unyoya. Nilisita. Alinitazama, nikampa. Mkono ule uliomwaga supu na kushindwa na vifungo uliingia bakulini na unyoya wake, ukatetemeka kama ulivyotetemeka siku zote, na mayai yakajigeuza mepesi, moja juu ya jingine, hakuna lililopasuka.

"Sasa maji," alisema.

Nilimimina maji ya tangi. Hapo hatukuwa na hadubini, wala hatukuihitaji. Nilijua kinachoendelea humo ndani. Nilijua kwamba zile chache zilizovuka kile kichupa zilikuwa zinakimbia, na kwamba kabla sijamaliza kuvuta pumzi nyingi mambo yatakuwa yameamuliwa. Tulisimama sote watatu tumelizunguka bakuli, vichwa vimeinama. Sijawahi kuwa kanisani namna ile.

Siku zilizofuata mayai mengi yaligeuka meupe na kuota ukungu. Niliyatoa kwa kijiko, mzee akiuliza kila mara kama yamebaki mengine. Yalibaki. Kwenye wavu tulioyatandikia, kati ya yale yaliyoharibika, palikuwa na mayai yaliyong'aa, na ndani ya kila moja nukta mbili nyeusi. Macho. Mama wa Uvira alinipigia jioni ile kuniambia ameona mengine zaidi upande wa kulia, na alihesabu kwa Kifaransa mpaka nikamwambia alale.

Yalianguliwa siku ambayo binti wa mzee alikuja kumchukua. Rafiki mwenye mabwawa alikuwa aje mchana na mifuko yake. Asubuhi, masanduku yakiwa tayari mlangoni na binti akiwa nje anapanga gari, nilimletea mzee glasi ya maji yenye watoto wa samaki. Aliinua glasi usawa wa dirisha. Walikuwa wembamba kama uzi, hawana rangi, na mkono wake uliyatikisa maji hivi kwamba hakuona kitu. Akaijaribu mezani. Macho yake yalikuwa ya kizee, nao walikuwa wadogo mno. Alisema basi, niangalie mimi, nimwambie, kama siku zote.

Nilimchukua mmoja na tone la maji, nikamweka chini ya hadubini. Nilitazama mara moja tu, nikanyanyuka.

"Hapana," nilisema. "Hili siwezi kukuambia."

Alielewa. Akajivuta hadi kwenye hadubini, akainama, na kichwa kikaanza kutikisika, jicho likienda kushoto na kulia kwa chuma. Nilimshika bega lakini haikusaidia. Ndipo mama wa Uvira alipotoka kwenye sinki, akajifuta mikono kwenye sketi, akasimama nyuma yake. Alikishika kichwa cha mzee kwa mikono yote miwili, vidole vikiwa juu ya masikio, kwa nguvu ileile anayowashika nayo binti zake akiwasuka.

"Tulia, papa," alisema. "Tulia hivi."

Kichwa kikatulia. Jicho likakaa mahali pake. Nilijua anachokiona, kwa kuwa nilikuwa nimekiona mimi: mwili wa kioo, na chini ya kidevu, mahali pa ukubwa wa ncha ya sindano, moyo unapiga, na kila ukipiga damu inapita, nyekundu, ikienda mkiani na kurudi.

"Unapiga," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Unapiga."

Binti yake alipiga honi barabarani, kisha akapiga tena. Mzee hakusogea.

"Mwache aone," mama wa Uvira aliniambia, ingawa sikuwa nimesema kitu. Hakukiachilia kile kichwa, na kwa kuwa mikono yake yote ilikuwa na kazi hakuweza kujifuta uso, machozi yakawa yanadondoka kwenye mvi za mzee.